Anza na Taa ya Nje

Jua la Sumbawanga huchelewa. Mwezi Juni na Julai linachomoza saa moja ikiwa imeshapita dakika kadhaa, karibu nusu saa baada ya watu wa Dar es Salaam kuliona, kwa sababu sisi tuko mbali magharibi na saa zetu za ukutani ni zile zile za pwani. Hapa Malangali mtoto wa shule ya msingi huamka kungali giza, hunawa uso kwa maji yanayouma vidole, hutafuta soksi chini ya kitanda kwa mwanga wa taa. Mama yake ameshawasha taa ya jikoni. Taa ya nje, iliyowashwa jana magharibi, nayo bado inawaka. Katika nyumba nyingi itaendelea kuwaka mpaka mtu aikumbuke saa mbili, jua likiwa juu ya Milima ya Mbizi.

Taa hiyo ya nje ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Miaka michache iliyopita ukiingia duka la vifaa vya umeme mjini kwetu ulikuta glopu za zamani za kioo chembamba, na pembeni enaji seva zenye mirija iliyojipinda. Siku hizi mbele kabisa zimepangwa balbu za LED, za kila wati na kila bei. Watu wanazinunua kwa wingi, nami nafurahi. Lakini naona wengi wanazinunua vibaya: mtu anabadilisha balbu ya chumbani inayowaka saa moja kwa siku, halafu anaacha glopu ya wati 60 ikiwaka uani usiku kucha. Mwingine ananunua ya bei ya chini kuliko zote, inakufa kabla ya mahindi kukomaa, kisha anawaambia majirani kwamba LED ni uongo. Si uongo. LED inaokoa fedha, ila inaiokoa kwa saa inazowaka. Ukilishika hilo moja, mengine yote yanafuata.

Kinachowaka ndani

Glopu ya zamani hutoa mwanga kwa kuunguza uzi mwembamba wa tangsteni mpaka uwe mweupe kwa moto. Katika kila shilingi 100 za umeme unazoilisha, zaidi ya 90 zinaondoka kama joto. Ndiyo maana ukiishika ikiwa inawaka inakubabua. Ulinunua taa, ukapewa jiko dogo lenye mwanga kidogo.

LED haina uzi wa kuunguza. Ndani yake kuna vichipu vidogo, ndugu wa vile vilivyomo kwenye simu yako, ambavyo umeme ukipita vinatoa mwanga moja kwa moja. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza LED ya mwanga mwekundu, na kwa miaka mingi tulizijua hivyo tu, kama vijicho vyekundu vya redio. Mwanga mweupe ulikwama kwa kukosekana bluu. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio walioipata bluu yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Balbu nyeupe ya sebuleni kwako ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake. Bluu na njano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Uukumbuke huo unga, tutaurudia.

Matokeo yake ni haya: mwanga ambao glopu ya wati 60 inautoa, LED inautoa kwa wati 8 hadi 10. Glopu huishi kama saa 1,000. LED iliyotengenezwa vizuri huandikiwa saa 15,000 hadi 25,000. Ukiteremka Kasanga au Kirando usiku usio na mbalamwezi utaona jambo hilo hilo majini: wavuvi wengi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wameacha karabai za mafuta ya taa na kuchukua taa za LED zinazotumia betri. Mvuvi hashawishiki kwa matangazo. Alipiga hesabu ya mafuta ya taa ya kila usiku, akaamua.

Hesabu ya nyumba moja

Nasi tupige yetu. Chukua nyumba ya kawaida ya hapa kwetu yenye taa nane, zote glopu za wati 60. Ya sebuleni inawaka saa 5 kwa siku. Ya jikoni saa 3, ukihesabu alfajiri na jioni. Vyumba vitatu, kila kimoja saa 2. Choo saa 1. Halafu taa mbili za nje, mbele na uani, saa 12 kila moja.

Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. Sebule ni 0.3 kwa siku, jikoni 0.18, vyumba vyote 0.36, choo 0.06. Taa mbili za nje ni 1.44. Jumla ni uniti 2.34 kwa siku, yaani uniti 70 kwa mwezi. Kati ya hizo 70, uniti 43 ni za nje. Zaidi ya nusu ya umeme wote wa taa unawamulikia popo.

Weka LED za wati 9 mahali pote pale, bila kupunguza hata dakika moja ya kuwasha. Uniti 70 zinashuka hadi 10 na nusu.

Sasa tazama risiti ya LUKU. Kwa bei tulizozizoea tangu 2016, mteja mdogo wa nyumbani, wa daraja la D1, hulipia uniti 75 za kwanza za mwezi kwa Sh 100 kila moja. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1, inakuwa Sh 122. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni Sh 350 kabla ya makato hayo. Akizoea kuvuka anahamishiwa T1, ambako kila uniti, kuanzia ile ya kwanza, ni Sh 292 kabla ya makato, sawa na Sh 356 mkononi. Nyumba yenye glopu nane inamaliza uniti 70 kwa taa peke yake. Zinabaki 5 za televisheni, pasi, friji na simu za watoto. Hapo D1 haikaliki. Nyumba yenye LED inabakiwa na 64.

Kwa mteja wa T1, uniti 60 alizookoa ni zaidi ya Sh 21,000 kila mwezi. Kwa wa D1 ni kama Sh 7,300, na pengine faida yake kubwa zaidi ni kubaki D1. Kama hujui uko daraja gani, soma risiti: toa kwanza kodi ya majengo na deni kama lipo, kisha gawanya fedha iliyobaki kwa uniti ulizopewa. Ukipata kama 122 uko D1; ukipata kama 356 uko T1. Likikutatiza, nenda na risiti yako ofisi ya TANESCO ukaulize.

Na mwenye enaji seva? Nyumba ile ile ikiwa na enaji seva za wati 15 inatumia uniti 17 na nusu. Tofauti na LED ni uniti 7 tu. Kwa hiyo usikimbilie kung'oa enaji seva nzima chooni au chumba cha wageni. Badilisha za nje leo, ya sebuleni mwisho wa mwezi, na zilizobaki ziache zife zenyewe. Mwenye fedha ya balbu mbili tu anajua pa kuzipeleka: mbele na uani.

Niseme na lililo kweli upande wa pili. Kama taa zako zote ni LED na LUKU bado inakimbia, mwizi hayuko darini. Kwa baridi yetu, koili ya kuchemshia maji ya wati 1,500 ikikaa kwenye ndoo dakika 20 inakula nusu uniti. Ndoo moja kila siku kwa mwezi ni uniti 15, zaidi ya LED zote nane za nyumba tuliyoihesabu.

Yaliyoandikwa kwenye boksi

Tumezoea kununua taa kwa wati, na zama za glopu hilo lilitosha. Lakini wati ni umeme unaoingia, si mwanga unaotoka. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Glopu ya wati 60 ilitoa kama lumeni 700 hadi 800. Ya 40 ilitoa kama 400 na kidogo. Ya 100 ilikaribia 1,400. Geuza boksi utafute lumeni. Gawanya kwa wati: ukipata 80 hadi 100 kwa kila wati, balbu ni ya maana. Boksi lisiloandika lumeni kabisa lirudishe kaunta.

Kwa nyumba zetu, lumeni 800 hadi 1,000 zinatosha sebuleni, 800 jikoni, 450 hadi 600 chumbani, 300 chooni. Nje hazihitajiki nyingi. Balbu ya wati 5 iliyofungwa mahali pazuri inamwonyesha mgeni ngazi na inaonyesha uso wa anayegonga. Mezani kwa mtoto anayejisomea ni afadhali taa ndogo ya karibu kuliko kubwa ya darini inayompigia kivuli cha kichwa chake kwenye daftari.

Kisha kuna rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa namba na herufi K. Namba ndogo, 2700 au 3000, ni mwanga wa njano kama wa glopu. 4000 iko katikati. 6500 ni ule mweupe unaoelekea bluu, ambao ndio umejaa madukani kwetu. Weupe huo unafaa jikoni na mahali pa kazi. Chumbani usiku haufai, kwa sababu mwanga wenye bluu nyingi huuambia mwili kwamba kungali mchana na huchelewesha usingizi. Nje pia chagua ya njano. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka ardhini, utajua kwa nini: wadudu huvutwa zaidi na taa nyeupe ya kibuluu, na asubuhi baraza lako lina mabawa mengi kuliko la jirani mwenye taa ya njano.

Jambo la tatu wengi hawaliangalii kamwe: uwezo wa taa kuonyesha rangi za vitu kama zilivyo. Huandikwa CRI au Ra, na mwisho wa kipimo ni 100. Hapa ndipo ule unga wa njano unaporudi. Unga hafifu hutoa mwanga mweupe machoni lakini wenye mapengo ya rangi ndani yake.

Niliyaona hayo kwa jirani yangu, fundi cherehani. Alikuwa na sare za kwaya za kumaliza usiku, kitambaa cha bluu iliyokolea. Uzi wa bluu ulipoisha alichukua kibunda kingine kwenye kikapu, akalinganisha na kitambaa chini ya balbu yake mpya, akaona ni kitu kimoja, akashona pindo za gauni nne. Asubuhi alipozitandaza barazani jua likapiga: nyuzi nyeusi juu ya kitambaa cha bluu, kutoka pindo hadi pindo. Alikaa na wembe mpaka adhuhuri akizifumua. Balbu haikuwa na kosa la kuwaka, ilimulika chumba chote; ila haikumwonyesha alichohitaji kuona. Anayeshona, anayechambua maharage ya kuuza, anayepaka rangi au kutibu kidonda atafute Ra 80 au zaidi. Na hata ukiwa nayo, kazi ya kulinganisha rangi ingojee jua.

Mwisho wa boksi, angalia kitako. Kuna balbu za pini mbili za kusukuma na kugeuza, na kuna za skrubu za kuzungusha. Toa ile ya zamani uende nayo dukani. Ni jambo dogo, lakini safari ya pili mjini ni nauli.

Kwa nini nyingine hufa mapema

Mimi mwenyewe niliwahi kununua sita kwa mkupuo, bei ya kutupa, kwa muuzaji aliyenihakikishia miaka miwili. Ya kwanza ilikufa wiki ya saba. Nilipoipasua kwa uangalifu, ikiwa nje ya holda, nilikuta bamba la alumini limepangwa vichipu vya njano, vidogo kama punje za mtama, vinane kwa duara. Saba vilikuwa safi. Kimoja kilikuwa na doa jeusi katikati, kama jicho la kunguni. Vichipu hivyo hufungwa mfululizo, kama watu walioshikana mikono. Mmoja akiachia, mnyororo wote unakatika.

Kinachoviua ni joto na umeme usiotulia. LED haitoi joto kali kama glopu, lakini joto kidogo linalotoka lazima lipate njia, na njia yake ni alumini iliyo shingoni mwa balbu. Mtengenezaji mroho hupunguza alumini, akaweka plastiki tupu. Kwa hiyo pima kwa mkono: kati ya balbu mbili za wati sawa, nzito kwa kawaida ndiyo bora. Usiifunge LED ya kawaida ndani ya kava la kioo lisilopumua. Kwa hili baridi ya nyanda zetu za Ufipa ni rafiki yetu. Enaji seva ilikuwa ikijikongoja kabla ya kupata nguvu asubuhi za Julai, ilhali LED huwaka mara moja, na hewa baridi inairefushia maisha.

Umeme nao una historia yake huku. Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa haukuwa kwenye gridi ya Taifa. Tulipata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli za TANESCO. Ndiyo maana mradi wa TAZA, njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, una uzito wa pekee kwetu. Lakini umeme utoke wapi utokako, kila nyumba imeshauona ukipungua saa mbili usiku mpaka taa zikafifia, au ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ndani ya kitako cha balbu kuna kifaa mafundi wanachokiita draiva, kinachosawazisha umeme kabla haujafika kwenye vichipu. Draiva nzuri huandikwa masafa mapana, mfano volti 85 hadi 265. Ya hovyo huandikwa 220 hadi 240 tu, au haiandikwi chochote. Kwa umeme unaocheza, nunua masafa mapana. Na umeme ukikatika, zima swichi za taa, acha moja ikujulishe umerudi.

Dukani fanya mambo manne. Omba balbu ijaribiwe kwenye holda ya kaunta. Fungua kamera ya simu, uielekeze kwenye taa: ukiona mistari myeusi inapanda au kushuka kwenye kioo cha simu, taa hiyo inapepesa hata kama jicho halioni, na kuna watu inawaumiza kichwa. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Kisha uliza waranti, na kama ipo iandikwe kwenye risiti. Ukifika nyumbani andika tarehe kwenye kitako kwa kalamu ya wino mzito. Balbu yenye tarehe haina ubishi siku ya kuirudisha.

Kuhusu bei, tuseme ya hovyo ni Sh 1,500 na inaishi miezi mitatu, na nzuri ni Sh 4,000. Taa ya nje inayowaka saa 12 kila usiku ikiwa na maisha ya saa 15,000 inadumu zaidi ya miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu mnunuzi wa rahisi amenunua 12, ametoa Sh 18,000, na mara 12 amepanda kwenye kiti gizani.

Siku hizi kuna vijana wanaofufua balbu zilizokufa kwa kuunganisha juu ya kichipu kibovu. Taa inawaka tena, ndiyo. Lakini mara nyingi vichipu vilivyobaki vinabeba mzigo wa aliyekufa, havichukui muda kumfuata. Zaidi ya hayo, katika balbu nyingi bamba lile la ndani halijatengwa na umeme wa ukutani. Balbu iliyovuliwa kofia ikiwashwa ni volti 230 zilizo wazi. Usimruhusu mtoto kuchezea hiyo.

Kuna na dalili moja ya hatari ya kutazama. Umezima swichi, lakini balbu inaendelea kung'aa kwa mbali kama jicho la paka. Wakati mwingine sababu ni kitaa cha kiashiria kilicho kwenye swichi. Wakati mwingine ni mafundi waliofunga swichi kwenye waya wa nyutro badala ya wa laivu, maana yake holda yako ina umeme hata swichi ikiwa chini. Glopu ilikuficha kosa hilo miaka yote, LED imelifichua. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA kabla ya kubadilisha balbu nyingine.

Pale ambapo haifai

Shangazi yangu hufuga vifaranga. Nilipombadilishia balbu zote za nyumba, na ya bandani pia, nilijiona nimemfanyia hisani. Alfajiri ya tatu alinipigia simu. "Mwanangu, taa yako inawaka vizuri sana. Lakini njoo uone, vifaranga wamerundikana kona moja kama wako nje." Nilifika nikakuta wawili wa chini wameshakufa kwa kubanwa. Glopu ile ya zamani haikuwa taa yao, ilikuwa mama yao. Joto nililoliita hasara sebuleni lilikuwa ndilo alilolilipia bandani.

Kwa hiyo bandani weka balbu maalumu ya joto, au jiko la mkaa lililofunikwa vizuri na lenye njia ya hewa, na LED iwe ya kuonea tu. Watazame vifaranga wenyewe: wakirundikana ni baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi ni joto, wakitawanyika wakila umepatia.

Kwa wanaotumia sola, vijijini au hapa mjini kama akiba, soma volti kabla ya kufunga. Balbu ya volti 12 ya sola ukiichomeka kwenye umeme wa ukutani inaungua; ya ukutani ukiifunga kwenye betri haiwaki. Zinafanana sura, hivyo zitenge kwenye makopo mawili yenye maandishi. Na balbu za kuchaji, zenye betri ndani, zina nafasi yake: moja jikoni, moja koridoni, ili umeme ukikatika mtu asitafute kibatari gizani. Usiziweke nje kuwaka usiku kucha. Betri inachoka upesi, na siku ya giza la kweli itakuangusha.

Zikishakufa

Enaji seva ina zebaki ndani, kidogo lakini sumu. Ikivunjika, toa watoto chumbani, fungua madirisha kama robo saa, okota vipande kwa karatasi ngumu, ufute vumbi kwa kitambaa kibichi, ufunge vyote kwenye mfuko. Usifagie kwa ufagio mkavu, unairusha hewani. Kwa sababu ya sumu hiyo nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana 2022 kuziondoa enaji seva za kawaida sokoni ifikapo 2025, na mwaka uliofuata zikakubaliana taa za tyubu zifuate ifikapo 2027. LED haina zebaki, lakini ina plastiki, risasi ya kulehemu na draiva; haistahili shimo la mbolea wala moto wa takataka. Ziweke kwenye boksi moja stoo. Anayenunua vyuma chakavu anaweza kuitaka alumini yake.

Jaribu usiku wa leo

Usiniamini kwa maneno. Mita yako ya LUKU ina kitaa kidogo kinachopepesa, na pembeni imeandikwa hupepesa mara ngapi kwa uniti moja. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, zima kila kitu nyumbani, friji pia, uwashe glopu moja ya wati 60. Hesabu: kitaa kitapepesa mara moja kila dakika. Sasa itoe, weka LED ya wati 9. Simama na watoto wahesabu pamoja nawe. Itachukua karibu dakika saba kabla hakijapepesa tena. Kama boksi lilisema wati 9 na kitaa kinapepesa kila dakika tatu, boksi limekudanganya, na umepata ushahidi wa kumpelekea muuzaji.

Halafu chukua karatasi, andika kila taa ya nyumba yako na saa inazowaka. Iliyo juu kwa saa ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Katika karibu kila nyumba nitakayoingia hapa Malangali itakuwa ile ya nje. Ifunge mpya, ya njano, ya wati 5, yenye tarehe kwenye kitako. Bandubandu huisha gogo, na gogo la LUKU yetu huchongwa usiku tukiwa tumelala.

Na kuokoa kusikufanye mzembe. Kesho saa moja asubuhi, mtoto akishashika njia ya shule na umande ungali kwenye majani, kabla hujarudi ndani kwenye joto, nyosha mkono uizime.